Mapigo ya Moyo Katika Usomaji wa Poe

Hadithi ya Edgar Allan Poe iitwayo "The Tell-Tale Heart", iliyotolewa Marekani mwaka 1843, husimuliwa na muuaji mwenyewe, naye tangu mwanzo huwahutubia wasikilizaji akikana kwamba ana wazimu. Kwa sababu hiyo utungo huu, ijapokuwa ni zao la kalamu, unadai sauti ya mtu, na haishangazi kwamba umesomwa mara nyingi redioni na katika santuri.

Lakini wapo watayarishaji wanaotia mdundo wa ngoma kila moyo wa marehemu unapotajwa. Hilo ni kosa la ufasiri. Askari watatu wameketi chumbani humo humo, naye muuaji amekiweka kiti chake juu ya mbao zinazoficha maiti. Wanazungumza na kutabasamu, wala hawaonyeshi dalili ya kusikia lolote. Msikilizaji akiyasikia mapigo hayo, amekwisha kuvutwa upande wa muuaji, na shaka ambayo ndiyo roho ya hadithi (je, si moyo wake mwenyewe unaomdunda masikioni?) imekufa. Afadhali msomaji aanze kwa utulivu, hata kwa majivuno, maana mtu huyu hujisifu kwamba alitumia saa nzima kupenyeza kichwa mlangoni. Haraka izidi mwishoni, maneno yanapoanza kurudiwarudiwa. Wanaopiga ukelele tangu mwanzo hawajibakizii kitu.

Katika ngano za mazimwi hadhira huitikia na kuimba pamoja na mtambaji, hivyo hofu hugawanywa. Hapa msikilizaji huulizwa maswali, asipewe nafasi ya kujibu hata moja.