Tishari Lililooza Moret

Mara ya kwanza nilipokisoma An Inland Voyage, kitabu cha kwanza cha Robert Louis Stevenson kilichotoka mwaka 1878, kilinichosha. Vijana wawili wa Kiskoti wanapiga makasia kwenye mitumbwi yao kutoka Antwerp, wanaingia mto Oise kaskazini mwa Ufaransa na kuishia Pontoise. Njiani kuna mvua, makanisa na chakula cha jioni. Nikajiuliza, kuna nini hapa?

Jibu nililipata kwenye tabaruku, ukurasa ambao wengi wetu huuruka. Humo Stevenson anamkumbusha mwenzake, Walter Simpson, tishari walilolinunua baada ya safari ili waishi ndani yake na kutembea mitoni taratibu. Tishari hilo halikusafiri hata siku moja. Lilikaa Moret, kwenye mto Loing, likaoza. Mwishowe fundi seremala, kwa hasira, akaliuza pamoja na ile mitumbwi miwili.

Stevenson anaisimulia habari hii kwa utani. Mimi naiona kuwa ukosoaji mkali kuliko wote uliowahi kuandikwa juu ya kitabu hiki, na aliyeuandika ni yeye mwenyewe. Ndani ya sura zake anawaonea wivu watu wa matishari: wanakaa, wanavuta kiko, nchi inapita mbele ya macho yao. Farasi anayevuta kamba ukingoni anatajwa kama sehemu ya mandhari. Shehena, malango ya maji ya kufungua na kufunga, familia nzima kulala juu ya mzigo wa mtu mwingine, hayo hayamzuii kuota. Ni ndoto ya kijana ambaye baba yake, mhandisi wa minara ya taa, yupo Edinburgh.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kitabu kizima kinaishi katika zile siku mbili. Tishari la Moret ndilo siku ya tatu: lilitaka mbao, rangi na malipo ya fundi, na waota ndoto hawakushika jembe.

Hata hivyo sitakitupa, kwa sababu zipo kurasa ambazo mto unamnyima ugeni. Mwaka 1876 Ufaransa ilikuwa bado na kidonda cha vita vya 1870–71 dhidi ya Prussia, na mtu asiyejulikana alitiliwa shaka. Huko La Fère, wakiwa wamelowa na mifuko yao mkononi, wanafukuzwa kwenye nyumba nzuri ya wageni kwa kudhaniwa kuwa wachuuzi. Hasira yake hapo ni ya kweli. Anayewapokea ni Bazin, mwenye nyumba ya kawaida, na jioni yao pamoja ndiyo bora kuliko zote kitabuni. Baadaye, katika insha iliyoingia kwenye Across the Plains (1892), anasimulia jinsi alivyofungiwa chumba cha chini huko Châtillon-sur-Loire kwa kukosa karatasi, huku Simpson, aliyevaa vizuri, akihojiwa kwa heshima. Msomaji aliyewahi kusimama dirishani akigeuziwa pasipoti yake mara mbili mbili hahitaji kufafanuliwa.

Leo ndoto ya Moret inakodishwa kwa wiki. Unapewa boti yenye vitanda na jiko, pamoja na orodha ya vituo. Ukiwa kwenye bonde la Oise, utaambiwa Noyon ndipo Charlemagne alipotawazwa mwaka 768 na Calvin alipozaliwa mwaka 1509. Compiègne ndipo Jeanne d'Arc alipotekwa mwaka 1430. Stevenson alipita miji yote miwili, na kanisa kuu la Noyon alilipenda sana. Lakini sura hizo zimeshaanza kunitoka, na Bazin bado ninaye. Orodha ya vituo humfanya msafiri abaki mgeni wa siku mbili milele, na mwandishi akiifuata, hubaki hivyo naye.

Nilipomaliza kusoma nilifungua rasimu ya insha yangu ya safari, ile ninayotakiwa kuikabidhi muhula huu. Nilikuta majengo saba yenye tarehe zake, na hakuna hata mtu mmoja anayefanya kazi.