Bilauri ya Heisenberg: Maneno Mazuri Yasiyo na Isnadi



Kuna maneno yanayosomwa sana katika mihadhara ya kuwajibu wanaokanusha kuwepo kwa Mwenyezi Mungu. Husemwa kuwa Werner Heisenberg, Mjerumani aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa fizikia ya kwanta na akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932, aliifananisha elimu ya maumbile na bilauri: mwenye kunywa funda la kwanza humkana Mungu, na mwenye kuimaliza humkuta Mungu akimngojea chini kabisa. Khatibu akiyataja, msikiti mzima huchangamka. Sisi wenyewe tuliwahi kuyasoma mbele ya wanafunzi wetu, tukayapamba. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akatuuliza swali tunalowafundisha waulize kila siku: nani kayapokea? Hatukuwa na jibu.

Tuyapime basi kwa mizani ya wanavyuoni wa Hadithi, ingawa hayo si Hadithi wala hayakaribii daraja hiyo.

Heisenberg alizaliwa Würzburg mwaka 1901, akafariki Munich mwaka 1976. Maneno haya hayamo katika vitabu vyake vilivyochapishwa. Tunayakuta yamenasibishwa kwake mwaka 1979, katika kitabu cha Heinz Otremba kuhusu historia ya mji wa Würzburg, miaka mitatu baada ya mwenyewe kufa, na mwandishi hakutaja kayatoa wapi. Kwa istilahi ya fani, isnadi imekatika na hakuna wa kuiunga.

Lipo zito kuliko hilo. Carl Friedrich von Weizsäcker, mwanafunzi wa Heisenberg na rafiki yake, alichapisha mwaka 1948 kitabu juu ya historia ya maumbile. Humo mna mfano huohuo wa kinywaji, wenye funda la kwanza linalomtenga mtu na Mungu, na Mungu aliye chini akimngoja anayemtafuta. Je, alisema kayasikia kwa mwalimu wake? La. Alisema ni msemo wa zamani. Aliyesoma Mustalahu angalau kidogo atazinduka hapa. Mtu wa karibu na sheikh anayataja maneno hali ya kuwa sheikh yu hai, na hayanasibishi kwake. Kisha anakuja mtu wa mbali, sheikh akiwa kaburini, anayapandisha mpaka kwake. Tungeyaona haya katika Hadithi tusingesita kusema kuwa huko kupandisha ni kosa la mpokezi. Na maana yenyewe ina umri mrefu: Mwingereza Francis Bacon, mwanzoni mwa karne ya 17, aliandika kuwa falsafa kidogo huielekeza akili kwenye kumkana Mungu na kuzama kwake huirudisha kwenye dini.

Matini nayo ina ila. Mwaka 1973 Heisenberg alitoa hotuba mbele ya Akademia ya Kikatoliki ya Bavaria kuhusu ukweli wa sayansi na ukweli wa dini. Hotuba hiyo imethibiti. Humo alisema hakuweza kamwe kuiona fikra ya dini kuwa ni jambo la kale lililopitwa, lakini alitahadharisha pia kuwa lugha ya dini na lugha ya sayansi zisichanganywe. Msemo wa bilauri unafanya mchanganyiko uleule alioukataza. Mwaka 2015 mwandishi wa habari wa Kijerumani aliyemfahamu alieleza kuwa hata wanawe hawakumtambua baba yao katika maneno hayo.

Basi hayathibiti kwake. Hatuapi kuwa hakuyatamka maishani mwake, ila ushahidi ni juu ya anayedai, na mdai hapa hana kitu mkononi.

Wala si maneno haya peke yake. Husemwa kuwa Heisenberg ndiye aliyesema ulimwengu ni wa ajabu kuliko tuwezavyo kudhani. Hayo ni ya J.B.S. Haldane, yamo katika kitabu chake cha mwaka 1927. Kisa cha kwamba akikutana na Mungu angemuuliza kuhusu msukosuko wa maji na hewa kinasimuliwa vilevile juu ya Horace Lamb wa Uingereza.

Atasema msemaji: maana ni nzuri, na inawasaidia vijana. Hoja hii tunaijua. Imepokewa kuwa Nuh bin Abi Maryam alizitungia sura za Qur'ani fadhila, moja baada ya moja, akazipitishia kwa Ikrima kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Alipoulizwa alijitetea kuwa aliwaona watu wameiacha Qur'ani wakashughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na maghazi ya Ibn Is-haq, akatunga kwa kutaraji thawabu. Wanavyuoni hawakumpokelea udhuru huo.

Na kijana mwenyewe ana simu mfukoni. Akitoka msikitini akayatafuta maneno hayo, akaona hayana asili, hatasema kuwa khatibu alikosea juu ya Mjerumani mmoja. Atajiuliza na zile Hadithi alizozisoma khatibu zimetoka wapi. Tulikwishaonjeshwa hayo kwa uvumi kuwa Neil Armstrong aliisikia adhana mwezini akasilimu, mpaka mwaka 1983 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaziandikia balozi zake kuukanusha kwa niaba yake. Tena huyo Mungu wa chini ya bilauri ni yupi? Heisenberg alikuwa Mkristo wa Kilutheri, na katika kumbukumbu zake za mwaka 1969 alizungumzia mpangilio mkuu wa mambo. Hiyo si Tawhidi tunayoifundisha.

Mwenye kuona hana budi kuyataja, na ayataje kwa siigha ya tamridh, aseme "imesemwa", wala asilitaje jina la Heisenberg. Sisi tulirudi kwa yule mwanafunzi darsa iliyofuata, tukamwambia mbele ya wenzake kuwa hatukuipata isnadi.