Kuwawahi Watoto Kabla Hawajaharibika

Makambako ni njia panda. Barabara ya Zambia yapita hapo, ya Njombe na Songea yaanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kijana aliyeacha shule leo abeba mizigo stendi. Kesho yumo ndani ya lori, yuaenda Tunduma. Hakimu akiamuru apelekwe shule ya maadilisho, shule yenyewe ni Irambo, huko Mbeya, zaidi ya kilometa 150 kutoka kwa mama yake. Basi, wanaotaka kumwahi mapema wana haki.

Huruma yao hatuilaumu. Twalaumu kipimo chao. Taarifa za kazi hizi mara nyingi hutuhesabia waliohudhuria (ilibaki kuhesabu vikombe vya chai), wala hazituambii wangapi walikamatwa baadaye, wala watoto wa mtaa wa pili, wasiopewa kitu, walikuwaje.

Huko Cambridge na Somerville, Marekani, ilianzishwa kazi ya namna hii mwaka 1939. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili waliofanana, sarafu ikarushwa, mmoja akapewa mshauri na mwenzake akaachwa. Washauri waliwatembelea nyumbani, wakawasaidia masomo, wengine wakapelekwa kambini, hata mwaka 1945. Miaka thelathini baadaye mtaalamu Joan McCord aliwatafuta. Walio wengi wakaisifu kazi ile. Lakini alipowalinganisha na wenzao walioachwa, aliona kwamba waliosaidiwa ndio waliozidi kurudia makosa, na waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja waliharibika kupita wote. Yaelekea kwa sababu ya kukusanywa pamoja wakafundishana. Sifa za waliohudhuria, basi, si ushahidi. Nasi tunapowakusanya vijana wa stendi katika kikundi kimoja, twajuaje kwamba hatuwafanyii vivyo hivyo?

Wenzetu wa Njombe watasema ni ukatili kumnyima mtoto msaada kwa ajili ya hesabu. Lakini nafasi hazijapata kutosha. Kuna watakaoachwa tupende tusipende, na kura ni haki kuliko kumtanguliza mtoto wa mjumbe. Majina yote yaandikwe, ya waliopata na ya waliokosa, na daftari lisifungwe fedha za mfadhili zikiisha. Likabidhiwe afisa ustawi wa jamii, naye baada ya miaka miwili aulizie habari za kila mmoja, hata kama yuko Tunduma.