Mkono wa Mugwe na Utoto Usiosimuliwa

Anayetaka kutunga kitabu cha picha kuhusu ujana wa mtawala mwenye nguvu za ajabu atakwama mapema akifika Meru ya Kenya. Koomenjwe, aliyewatoa Wameru utumwani katika kisiwa cha Mbwaa, hana utoto katika masimulizi. Anaingia akiwa mtu mzima, tena kazini. Embu nako ni vivyo hivyo: Mwenendega, ambaye kichaka chake kitakatifu kiko karibu na Runyenjes, tunamkuta akiwa tayari ni wa kuoa.

Kwa Koomenjwe pengo hilo linazibwa kwa majaribio. Nguo Ntune, mabwana wa Mbwaa, wanadai ndara zenye manyoya juu na chini; inakatwa ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, kazi imekwisha. Wanatumbukiza tunda katika shimo refu na kutaka litolewe. Yanamiminwa maji, tunda linaelea lenyewe. Wanataka mbwa mwenye pembe, naye anabandikwa pembe. Hadi hapo hakuna muujiza hata mmoja, ni akili tu. Kisha unadaiwa mkuki wa kufika mbinguni. Ujanja unagota, na watu wanafunga safari.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia msimuliaji. Muujiza ameuweka akiba mpaka ufukweni, bahari inapogawanyika. Angeutumia kwenye ndara, nani angeshangaa maji yakipasuka? Tena hapo hapo anaeleza asili ya koo: waliovuka usiku ni weusi, alfajiri wekundu, mchana weupe.

Padre Bernardo Bernardi, mmishenari wa Consolata, aliyakusanya masimulizi haya pamoja na habari za Mugwe, kiongozi wa baraka anayehusishwa na Koomenjwe, katika kitabu chake cha 1959, The Mugwe, a Failing Prophet. Ndani yake mna habari moja kutoka Imenti, sehemu mojawapo ya Meru: mkono wa kushoto wa Mugwe ulifichwa daima chini ya vazi, kwani humo ndimo ilimokaa nguvu yake.

Mwaka uliofuata Rodney Needham wa Oxford akaishika habari hiyo moja na kuiandikia makala nzima. Alikipekua kitabu cha Bernardi, akaokota vipande vilivyotawanyika na kuvipanga safu mbili: kushoto, kusini, usiku, koo nyeusi, urinaji asali, mamlaka ya dini; na upande wa pili kulia, kaskazini, mchana, koo nyeupe, kilimo, mamlaka ya siasa. Kazi safi, inayosomeka kama upelelezi. Lakini usafi wenyewe unanitia shaka. Habari ya mkono ni ya Imenti peke yake, ilhali vipande vingine vimetoka kwingine Meru, na Mugwe wa Tharaka si lazima awe nakala ya yule wa Imenti. Jedwali halina mahali pa kuandika tofauti hizo.

Kwa wachoraji wetu, kitabu hicho cha picha kingali kinasubiri mwenyewe. Msimbunie Koomenjwe utoto. Anzeni na ndara. Mkono wa kushoto msiuchore kamwe. Na kabla ya kalamu kugusa karatasi, wasikilizeni wazee wa Tharaka na Chuka peke yao, bila kuwachanganya na wale wa Imenti, na chini ya kila picha mwandike masimulizi hayo yametoka wapi.