Vazi la Shujaa na Ushanga wa Kimaasai

Msomaji, vazi la shujaa husema kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Walinzi wa kike wa mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuniwa, walipochorwa mara ya kwanza katika vitabu vya picha vya Marekani mwaka 1998, walivikwa magauni mafupi, kama watu wa kutazamwa tu. Katika filamu Black Panther ya mwaka 2018, Ruth Carter, Mmarekani mweusi abuniye mavazi, aliwavika deraya zenye wekundu na shanga za Kimaasai, kama tuzionazo kutoka Nakuru hadi Narok. Heshima ikapatikana. Lakini shingoni aliwatia pete za Wandebele wa Afrika Kusini, kana kwamba Afrika nzima ni kijiji kimoja. Basi sifa tumpe; nawe utazamapo, uliza kila ushanga umetoka kwa nani.