Juu ya kitabu cha Umberto Eco: kutafuta katika nyumba ya vitabu

Waseminari wanapofika mwaka wa kuandika kazi yao ya mwisho, wengi wanatuuliza: «Padri, niandike kurasa ngapi?» Ni wachache wanaouliza: «Nitafute wapi, tena nitajuaje kwamba nilichopata ni kweli?» Kwa ajili ya hao wachache, na kusudi waongezeke, tunataka kusema maneno juu ya kitabu cha Umberto Eco, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Bologna. Kilitoka kwa kiitaliano mwaka 1977. Wasomaji wetu watakipata kwa kifaransa, katika tafsiri ya 2016, kwa jina la Comment écrire sa thèse.

Mtu asishangae kwamba tunamsikiliza mwalimu aliyeiacha imani ya ujana wake. Kazi ambayo Eco alimalizia masomo yake huko Torino, mwaka 1954, ilikuwa juu ya uzuri katika mafundisho ya Mtakatifu Toma wa Akwino. Vitabu vyetu alivijua, na pengine kuliko sisi.

Wema wa kwanza wa kitabu hiki ni kwamba hakifundishi kwa maneno matupu. Eco alikwenda katika nyumba ya vitabu ya Alessandria, mji mdogo alipozaliwa, akajifanya sawa na mwanafunzi asiyejua kitu juu ya somo lake. Alijipa nyakati tatu za mchana, jumla yake saa tisa tu. Alifungua orodha ya vitabu na kamusi kubwa, kitabu kimoja kikamtuma kwa kingine, na kila jina aliliandika kwenye zile karatasi ndogo tunazoziita fishi. Mwishoni alikuwa na vitabu vya kutosha kuanza kazi. Sisi wa seminari za mbali tulipokee somo hili: rafu chache zinamlisha anayejua kuuliza, na rafu elfu zinamwacha na njaa asiyejua.

Wema wa pili ni unyenyekevu. Eco anasimulia kwamba alipokwama katika kazi yake alinunua Paris kitabu cha padri mmoja wa karne ya 19, Vallet, mwandishi ambaye hakuna aliyemhesabu. Alikisoma chote bila kuruka, akapata humo wazo lililomfungulia njia. Ndiyo sababu anasema: usimdharau mwandishi ye yote.

Lakini hadithi hiyo ina mwisho. Katika dibaji ya mwaka 1985 Eco mwenyewe anaungama kwamba, nyuma ya miaka mingi, alikifungua tena kile kitabu na kutazama ukurasa aliokuwa ametia alama. Lile wazo halikuwamo. Lilikuwa lake mwenyewe. Yeye alidhani Vallet amelisema. Anaungama huku akicheka, na sisi tunampenda kwa hilo. Lakini tunaona kwamba amepita haraka mno. Kama mwalimu wa namna hiyo alibeba kosa miaka yote kwa kutofungua ukurasa mara ya pili, mwanafunzi wetu atabeba mangapi?

Tena kuna mambo mawili yasiyotupendeza. La kwanza, Eco anamwambia kwa mzaha mwanafunzi mwenye haraka kwamba afazali anakili kazi ya chuo kingine. Ni mzaha, ndiyo. Lakini kijana anayetafuta ruhusa ya uvivu hasomi mzaha kama mzaha. La pili, anadhani kila nyumba ya vitabu ina orodha. Katika nyumba zetu nyingi vitabu vililetwa kama zawadi, vimepangwa kwa urefu, na ufunguo uko kwa padri aliyesafiri. Huko somo la kwanza ni kuwapa waseminari wenyewe kazi ya kutengeneza orodha. Atakayeandika fishi mia mbili kwa mkono wake hatasahau vitabu hivyo viko wapi.

Tutoe mfano mmoja kutoka darasani. Mseminari aliandika kwamba Mtakatifu Agostino alisema Roma ikisha kunena, shauri limekwisha. Tulimwuliza: «Wapi?» Akaonyesha simu. Simu ilitaja daftari la masomo, na daftari halikutaja kitu. Basi tulikwenda pamoja kwenye Patrologia Latina ya Migne, kitabu cha 38, ambayo leo inasomwa bure hata kwenye intaneti, tukafungua mahubiri ya 131. Agostino anasema hivi kwa ufupi: juu ya shauri hili mitaguso miwili imekwisha kupeleka barua kwenye Kiti cha Mitume, majibu yamerudi, shauri limekwisha, heri na kosa lenyewe liishe.

Mseminari alinyamaza, kisha akauliza: «Mitaguso miwili ya wapi?» Ya Afrika: Karthago na Milevi, mwaka 416, juu ya mafundisho ya Pelajio, naye Papa Inosenti wa I alijibu mwaka 417. Neno lile fupi linamtaja Papa tu. Neno lenyewe la Agostino linawaonyesha kwanza maaskofu wa Afrika, waliochunguza, wakahukumu, wakaandika, ndipo Roma ikathibitisha. Waliolifupisha neno hawakumtukana mtu, lakini waliwafuta wazee wetu katika imani, nasi tumekuwa tukilihubiri hivyo kwa wakristu wetu.

Hapo ndipo tunapoona faida ya kutafuta vitabuni. Siyo mapambo ya maelezo chini ya ukurasa. Ni haki tunayomtendea aliyesema, na anayesikia. Siku hizi hata mashine zinazojibu maswali zinataja vitabu visivyoandikwa na mtu, kwa lugha safi kabisa. Wakatekista wanaotayarisha mafundisho kwa simu waangalie sana.

Basi kitabu cha Eco kinunuliwe, na sura ya tatu isomwe kwanza, darasa likiwa ndani ya nyumba ya vitabu. Na mwalimu anayesahihisha kazi achague neno moja tu lililotajwa humo, amwombe mseminari amletee kitabu chenyewe, kikiwa wazi kwenye ukurasa wake.