Upepo Kwanza

Anayemnyatia ayala katika milima ya Scotland hupoteza nusu ya siku bila kumsogelea mnyama hata hatua moja. Hulala chali kwenye majani yaliyolowa, darubini ameiegemeza gotini, akiukagua mlima wa ng'ambo kipande kwa kipande: sikio linalotikisika, mgongo usiofanana na mwamba, kitu cha rangi ya kahawia kilichohama tangu alipotazama mara ya mwisho. Hata akishamwona, hainuki. Anauliza kwanza upepo unatoka wapi, na unapofika kule kwenye bakuli la mlima unageukia wapi.

Aliyenifundisha haya ni marehemu baba yangu. Alikuwa bwana miti, mzaliwa wa Lushoto, aliyekuja Aberdeen kusomea misitu, kazi ikambakiza huku. Na mtu wa miti Scotland hana namna ya kumkwepa ayala. Mbwa mwitu waliokuwa wakiwawinda walikwisha nchini humu karne kadhaa zilizopita, na ayala wa aina zote sasa wanakadiriwa kukaribia milioni moja. Wanakula chipukizi la msonobari kabla halijafika magotini. Katika bonde la Glenfeshie, kwenye milima ya Cairngorms, idadi yao ilipunguzwa kwa nguvu kuanzia miaka ya 2000, na misonobari imeota yenyewe, bila kupandwa na bila uzio. Baba alipenda kulitembelea bonde lile hata miguu ilipoanza kumsumbua. Alikuwa akiinama na kuishika miche midogo, mmoja baada ya mwingine. Basi aliwinda kwa ajili ya miti. Mapenzi ya kazi yenyewe yalikuja polepole, akaniambukiza na mimi.

Turudi kwenye upepo, maana ufundi wote umo humo. Ayala habagui rangi vizuri, ila huona mtikisiko, na pua yake humfikishia habari zako ukiwa mbali sana. Kundi likipumzika, hulaza migongo upande upepo unakotoka na kuelekeza macho upande wa pili: pua inalinda nyuma, macho yanalinda mbele. Mwindaji hana budi kujia demani, na demani ndiko macho yanakotazama. Juu ya hayo, upepo wa mlimani haukai mahali. Unavuma kutoka magharibi bondeni, unagonga ukuta wa jabali, unazunguka na kukurudia kisogoni. Jua likipasha mteremko, hewa hupanda. Jioni ikiingia, hewa ya baridi huteremka na harufu yako ndani yake.

Kwenye vinamasi vya huko huota nyasi yenye kishungi cheupe kama pamba. Baba alichuma kishungi kile, akakiachia uzi mmoja mmoja. Mimi macho yangu yalibaki pale mkononi mwake. Yeye alitazama mbali, pale uzi ulipokuwa ukipotea, kwa sababu huko ndiko upepo ulikokuwa ukisema ukweli. Kisha akasema, "Tuzunguke, mwanangu," na kuzunguka kulimaanisha kuupitia mlima mzima kwa nyuma, saa kadhaa, ili kufika mahali tulipokuwa tukipaona kwa macho.

Kipande cha mwisho hutambaliwa kwa tumbo, mara nyingi ndani ya kijito, maji yakiingia kolani. Hapo hakuna haraka. Kuna jike mzee anayeliongoza kundi, na akiinua kichwa unaganda ulivyo, hata kama mkono uko ndani ya maji ya barafu. Risasi hupigwa ukiwa mita 100 au 150 hivi, mnyama akiwa amekupa ubavu, nyuma tu ya mguu wa mbele, palipo na moyo na mapafu. Nimemwona baba amelala tayari, dume limesimama wazi mbele yake, akatoa risasi na kuifunga bunduki kwa kuwa nyuma ya dume hapakuwa na udongo wa kuizuia risasi, palikuwa na anga tupu. Siku hiyo aliihesabu kuwa njema, na hakuwa akijifariji.

Lipo jambo moja alilonisisitizia kuliko yote. Wakati wa kupunguza majike, ukimchagua mwenye ndama anayemtegemea, ndama hupigwa kwanza, mama baadaye. Ukimwangusha mama kwanza, ndama hukimbia, na baridi ya Januari humwua taratibu. Nilipokuwa kijana niliona sheria hii ni ya kikatili. Leo, nikiwa sina baba, naona hakuna kanuni ya uwindaji yenye huruma kuizidi.

Alipofariki, bunduki yake haikuja mikononi mwangu moja kwa moja. Uingereza leseni ya silaha humhusu mtu binafsi, nayo hukoma pamoja naye. Ilibidi bunduki ikatunzwe kwa muuzaji mwenye kibali hadi polisi waliponiruhusu kuiandikisha katika leseni yangu. Darubini haikuhitaji ruhusa ya mtu. Msimu ule nilipanda nayo tu, nikalala alipokuwa akilala, nikawatazama ayala wale wale aliokuwa akiwatazama. Kazi ilinishika kabla huzuni haijanishika, na nikashukuru kwamba mlima unadai umakini wote ulio nao.

Sasa bunduki naipiga, na kazi naimaliza mwenyewe. Baada ya risasi hungojei kushangilia: unajaza tena, unatulia, unaweka alama ya mahali aliposimama. Damu nyekundu yenye povu inakuambia mapafu. Ukimfikia, unatoa tumbo na utumbo papo hapo, unakagua tezi za utumbo na ini kutafuta dalili za ugonjwa, maana nyama hii italiwa na watu. Kisha kumburuta hadi njiani, au kumpakia juu ya farasi mfupi wa milimani, na kumtundika katika chumba cha baridi kisichozidi nyuzi 7. Baba alinoa kisu chake usiku wa kuamkia safari, hakuwahi kukinoa mlimani, nami nimeishika desturi hiyo kwa kuwa ni sahihi, si kwa kuwa ni yake.

Ndugu zetu wanaoishi Uingereza wachache sana hupanda milima hii, ilhali mafunzo ya uwindaji wa ayala na mtihani wake hayabagui asili ya mtu. Ukiwa na mzazi ambaye magoti yake bado yanamruhusu, nendeni pamoja, hata kama ni kwa darubini peke yake. Msimu wa majike wa ayala wekundu Scotland hufunguliwa tarehe 21 Oktoba na kufungwa tarehe 15 Februari.